Mlingoti Juu ya Ukuta

Nianze kwa kukiri kwamba kosa lilikuwa langu. Mke wangu Buthaina akiisimulia habari hii huanzia hapo hapo, na watu wakishacheka hawasikilizi tena yaliyobaki. Nikijitangulia mwenyewe, angalau nitaimaliza.

Ilikuwa Februari ya mwaka 2003. Kundi la Wachina wa sarakasi lilikuja Maskati kwenye tamasha, kisha likapangiwa kwenda kucheza Nizwa, Ibra na Sur. Mimi nilikuwa nimestaafu jeshini, upande wa ufundi wa magari, na kiinua mgongo changu nilikigeuza basi dogo jeupe la viti ishirini na sita. Basi lile nililiosha kila asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe, na abiria aliyedondosha ganda la karanga ndani yake alinisikia. Nikakodiwa niwachukue Wachina. Niliuliza watu wangapi, sikuuliza mizigo.

Siku ya kupakia ndipo nilipouona mlingoti. Ulikuwa mwanzi mmoja mnene, urefu wake mita tisa, na basi langu zima ni mita saba. Umepakwa rangi nyekundu na dhahabu toka chini hadi juu. Kwenye ncha yake imefungwa miavuli mitatu ya hariri, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umezungushiwa njuga, na chini ya miavuli inaning'inia bendera ndefu iliyotariziwa maua na joka. Wanaume wawili walikuwa wakiuleta begani, na walitokwa jasho.

"Huo hauingii kwenye gari langu," nikasema kwa Kiingereza, hasira zimeshanipanda. Nilikuwa nimetoka kuzungumza na mke wangu kwenye simu, na simu bado nimeishika mkononi.

Mzee mmoja mfupi, wa shingo nene, alinisogelea. Bila shaka alikuwa amenisikia nikizungumza Kiswahili na mke wangu. "Haingii ndani, rafiki," akanijibu kwa Kiswahili. "Inakaa juu. Funga kamba. Polepole."

Simu nusura iniponyoke. Kumbe mzee huyu, jina lake Guo, alikuwa Tanzania miaka ya sabini akijenga reli ya kwenda Zambia. Miaka mitatu alibeba mataruma begani, na mwaka mzima katika hiyo aliukaa kambi ya Makambako. Na Makambako ndiko nilikozaliwa mimi, dukani kwa baba yangu. Kule bara walituita Waarabu. Hapa Omani wanatuita Wazinjibari, hata sisi ambao Unguja tuliiona kwenye kalenda tu. Sasa nimesimama Maskati, na mtu wa kwanza baada ya miaka mingi kuniuliza habari za baridi ya Makambako ni Mchina.

"Ulanzi bado iko?" akaniuliza, yaani pombe ya mwanzi ya kule.

"Mzee, mimi ni Mwislamu."

"Ndiyo. Lakini iko?"

"Upo," nikakubali.

Tukafunga mlingoti juu ya basi, nikatundika kitambaa chekundu kwenye kipande kilichochomoza nyuma, tukashika njia ya Nizwa. Nilimkalisha Mzee Guo karibu nami. Akaniambia kwamba Jumapili za Makambako, wenzake walipolala, yeye alikata mwanzi porini na kuuchezea kichwani, na watu walitoka sokoni kuja kumtazama. Ufundi ule ni wa ukoo wao. Mlingoti ulitoka kwa baba wa babu yake, ukapita kwa babu, ukapita kwa baba, ukafika kwake. Bendera zimebadilishwa mara nyingi, na mwanzi wenyewe umebadilishwa mara mbili, lakini wao huuhesabu ni ule ule mmoja. Sasa ana miaka hamsini na sita na magoti yamechoka. Safari hii ndiyo ya mwisho. Sur, siku ya kumalizia, atamkabidhi mpwa wake.

Nikamtazama mpwa kwenye kioo. Alikuwa amenishika bega tangu Maskati akiniuliza bei ya simu za mkononi Dubai, kwa Kiingereza cha kubabaisha.

"Huna mtoto wako mwenyewe?"

"Iko. Msichana." Akageuza kichwa kidogo. "Yulan. Yule."

Yulan alikuwa wa miaka ishirini na tatu hivi, amekaa kiti cha nyuma kabisa. Katika kundi kazi yake ilikuwa kuzungusha sahani juu ya vijiti pamoja na wasichana wenzake. Njia nzima hakutazama milima. Alitega sikio juu, kwenye njuga, na mara mbili alikuja mbele akanigonga begani nisimame, akapanda ngazi ya basi akakaza kitambaa kilicholegea. Baba yake hakunyanyuka, wala mpwa.

"Anaujua?" nikamuuliza mzee.

"Nyumbani, mazoezi, anajua. Mimi nimefundisha. Lakini mbele ya watu, hapana. Baba wa babu mpaka mimi, hakuna mwanamke."

Alivyolisema sikumuuliza tena, ingawa lilinikera. Mimi nina mabinti watatu, na sipendi kusikia mtu akiwaza hivyo. Lakini ukoo si wangu.

Nizwa nilimwona kazini. Aliusimamisha mlingoti kwenye kiganja, akaurusha, ukapaa mzima mzima na bendera yake, akaupokea kwenye kiwiko. Akaurusha tena, akaupokea kwenye paji la uso, mikono ameiachia wazi. Akauinamia ukatua kwenye kisogo. Mwisho aliuuma kwa meno, kilo ishirini na ushei, na njuga zote zikatulia kimya. Nilisahau kabisa kwamba nimeliacha basi mahali pasiporuhusiwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka moto.

Jioni ile Buthaina akanipigia simu. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha kinamama cha mtaa wetu Ibra, na ndiye aliyehangaika mwezi mzima Wachina wapitie kwetu.

"Umewaambia ya kuwa Ibra ni hafla ya kinamama?"

"Nimewaambia."

Na kweli nilikuwa nimemwambia Mzee Guo, "Ibra, wanawake," naye akaitikia kwa kichwa. Sasa, Ibra ni mji ambao Jumatano kuna soko la wanawake watupu, wauzaji na wanunuzi, na mwanamme akipotea njia akaingia humo hutoka mbio kuliko alivyoingia. Kwetu ukisema hafla ya kinamama umemaliza. Maana yake hakuna mwanamme, hata wa kushika taa. Haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba mtu aliyetoka China angehitaji kufafanuliwa. Yeye alielewa kwamba watazamaji watakuwa wanawake, akaona ni jambo jema.

Tukafika Jumatano baada ya sala ya alasiri. Mzee Guo alishuka basini amekwisha kuvaa suruali yake ya hariri na mkanda mwekundu, akaelekea getini. Muhanna, bawabu wa chama, akanyoosha mikono miwili.

"La, la, la! Harim!" Yaani ndani ni wanawake watupu.

Mzee akanigeukia. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa amenielewa.

Buthaina akaja getini, amejitanda buibui lake harakaharaka, macho yamemtoka. "Baba Ibtihal," akaniita, "huyu nani?"

"Ndiye mbeba mlingoti."

"Mwanamme?"

"Kwani ulidhani nani?"

"Mimi nilidhani una akili!" Akashusha sauti, na akishusha sauti ndipo mambo yanapokuwa mabaya. "Mna wake za watu mia mbili humu ndani. Wamevua mabuibui, wamejitia udi, wamevaa dhahabu zao kama arusini. Wengine wametoka Mudhaibi, wengine Samad, wallahi wamekuja kwa mlingoti, wameuona kwenye gazeti. Niwaambie nini? Wajifunike wamngoje babu?"

"Wale wasichana wa sahani wataingia."

"Sahani! Sahani kila mtu anazo kwake."

Yulan alikuwa amesimama kando, akitazama mikono yetu inavyokwenda. Sijui alielewa vipi, lakini alielewa. Akasema neno moja fupi kwa baba yake. Mzee akatikisa kichwa. Binti akalisema tena, safari hii pole pole.

"Anasema nini binti?" Buthaina akauliza. Nikamnong'oneza kwamba mzee anakijua Kiswahili. Mke wangu hakushangaa hata kidogo. Alikuwa na hafla ya kuokoa, mshangao aliuweka baadaye. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mzee Guo akajibu, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa Makambako.

"Binti yako anasema nini?"

"Anasema yeye anaweza."

"Anaweza kweli?"

Mzee akaanza kukazakaza mkanda wake mwekundu.

"Umemfundisha wewe mwenyewe? Ulimfundisha ovyo?"

Hapo aliudhika. "Hapana ovyo. Vizuri. Miaka kumi na mbili."

"Basi wataka nini tena, baba yangu?"

Mzee akatazama ukuta wa ua, akamtazama binti yake. Akasema kwa Kiswahili chake cha reli kwamba siku zote akifanya mazoezi yeye husimama nyuma yake, hatua mbili, mikono tayari. Leo hatakuwepo. Mlingoti ukianguka unaweza kuua mtu. Na ukianguka mbele ya watu, majina ya wazee wanne yameanguka nao. Alisema hayo bila kupandisha sauti, na mimi nikamwonea huruma, kwa sababu aliyemfikisha pale nilikuwa mimi.

 Yulan alikwenda kwenye basi, akapanda ngazi, akaanza kufungua kamba.

"Leo tu," mzee akasema mwishowe. "Kwa sababu hakuna mwanamume."

Geti la chama lina kona, mita tisa hazipindi. Ikabidi tuupitishe mlingoti juu ya ukuta, kutoka shamba la mitende lililo ubavuni. Sisi wanaume tuliusukuma kutoka upande wetu, na kule ndani mikono tusiyoiona ikaupokea. Tulisikia sauti ya Bi Kaltham, mama mmoja mwenye nguvu zake, akiwaamrisha wenziwe washike vizuri, wasiukumbatie kama mume aliyerudi safari. Mwanzi ukatuteleza mikononi kidogo kidogo, bendera ikapita, miavuli ikapita, tukabaki na viganja vitupu.

Mzee Guo akasema anakwenda kulala ndani ya basi, hataki kujua. Mpwa wake alikuwa amekwisha kulala humo zamani. Kabla sijamimina kahawa mzee karudi, akasimama chini ya mitende, shingo ameielekeza ukutani. Ukuta ule ni kimo cha mtu na nusu. Huoni kitu isipokuwa mbingu.

Waume za watu walikuwa wamejaa shambani kando ya falaji, ule mfereji wa kumwagilia mitende, wamekuja na wake zao, sasa wanangoja na termosi na tende. Wanaume wanaongoja wake zao ni watu wa kununa. 

Mara njuga zikalia, na mlingoti ukapanda juu ya ukuta. Ukaja ncha, ukaja miavuli, bendera ikajikunjua yote, nyekundu, na chini ya hapo ukuta ukatuzuia. Tuliona mita saba za mlingoti uliosimama wenyewe hewani.

"Mkono wa kulia," akasema Mzee Guo.

"Unajuaje?"

"Inatikisika kidogo kidogo. Mkono iko hai." Mlingoti ukaruka juu, ukarudi chini, ukasimama. "Kiwiko." Ukaruka tena, na mara hii uliposhuka haukutikisika kabisa, bendera ilining'inia wima. "Paji la uso," akasema, na sauti yake ikawa ndogo.

Ndani vigelegele vilipasuka. Mimi nimeoa Mzinjibari wa Unguja hasa, navijua vigelegele, lakini vile vilinisimamisha nywele.

Muhanna akasogea kutoka getini, akaniuliza mzee anasema nini. Nikamfasiria kwa Kiarabu. Akawafasiria wa nyuma. Punde wanaume wote wamesimama, vikombe mkononi, shingo zimepinda, na kila mlingoti ukiruka wanakisia wenyewe. "Kiwiko!" "La, bega!" Mzee Guo ndiye hakimu. Mzee mmoja wa Badiya aliyekisia kisogo akapatia alijisifu kana kwamba aliubeba yeye. Nami nilikuwa na furaha, siwezi kuificha. Tulikuwa kundi la wanaume wazima tunaotazama kijiti kinachocheza juu ya ukuta, na hakuna aliyetaka kwenda popote.

Kisha upepo ukaja. Alasiri hutoka upande wa mchanga wa jangwani, na siku hiyo ulikuja kwa mkupuo mmoja. Uliipiga mitende kwanza, kisha ukaijaza bendera. Mlingoti ukainama. Ukajaribu kurudi, ukainama zaidi, njuga zikapiga kelele zote pamoja, na kule ndani wanawake wakapiga ukelele mmoja. Ukaja upande wetu. Ukajilaza kwenye kichwa cha ukuta kwa kishindo, ncha ikaning'inia nje, na miavuli yote mitatu ikawa usoni petu. Ungeweza kuigusa.



Wanaume tuliruka sote kwa pamoja. Kilikuwa kitu chepesi: ishike ncha, isukume juu, umsaidie mtoto wa watu. Mimi nilikuwa wa mbele, mkono wangu umebakiza shibri moja.

"Acha!"

Mzee Guo alikuwa amesimama mbele yetu, mgongo kwa ukuta, mikono ameinyoosha kama Muhanna getini. Uso ulikuwa mweupe. "Acha. Hakuna mtu anagusa."

"Mzee, atashindwa!"

"Hajaachia. Angalia." Akanionyesha bendera. Ilikuwa ikitetemeka kidogo kidogo. "Mkono iko hai. Acha."

Alinishika kifundo cha mkono, na ingawa alikuwa mzee wa magoti mabovu nilihisi mifupa yangu inasagana.  Nilisikia sauti ya Buthaina ndani ikisema, "Mwacheni, mwacheni, ataka mwenyewe." Kumbe na huko kina Bi Kaltham walikuwa wamekimbilia kumsaidia, na Yulan amewatikisia kichwa kukataa.

Ncha ikasogea. Ikarudi nyuma dhiraa moja, ikasita. Ikarudi nyingine. Miavuli ikakwaruza ukuta, njuga moja ikakatika ikaanguka kwenye falaji, kisha mlingoti ukainuka kutoka ukutani, taratibu, umepinda, halafu umenyooka. Ulisimama wima katika upepo ule ule. Na ulipokwisha kusimama, binti yule hakuuteremsha apumzike kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Aliurusha juu kuliko mara zote. Tuliona mpaka chini ya mwanzi, rangi ya dhahabu ya mwisho kabisa, ikitokeza juu ya ukuta, kisha ukashuka na ukatulia tuli.

"Meno," akasema Mzee Guo.

Wanaume wakapiga kelele mpaka Muhanna akakumbuka kazi yake, akatunyamazisha. Ndani ngoma zilikuwa zimeshaanza, na najua mke wangu alikuwa mbele. Mimi nililia kidogo. Nilisingizia vumbi, na kila mtu karibu yangu alikuwa na vumbi pia.

Baada ya saa nzima Yulan akatoka. Hina mkononi, udi kwenye nywele, bangili ya mtu mkononi, na Bi Kaltham anamsukumia sahani ya halua. Buthaina nyuma yake ananitazama kwa jicho la kwamba nimesamehewa nusu. Binti alipomwona baba yake amesimama pale shambani, viatu vimelowa maji ya falaji, alisita. Alidhani mzee yuko basini amelala.

Mzee Guo hakumkumbatia. Alinyoosha vidole, akaanza kumhesabia kwa Kichina, kidole kimoja kimoja, uso mkali. Yulan alisikiliza, kichwa amekiinamisha. Kisha akajibu maneno machache, akagusa kisogo chake, akaonyesha kitu kwa bega la kushoto. Mzee akakunja uso. Akautazama ukuta. Akamuuliza jambo, naye akalionyesha tena.

"Umemwambia nini, mzee?" nikashindwa kuvumilia. "Usimkaripie leo."

"Nimemwambia makosa yake. Kwanza, upepo ulikuja kwenye mitende, yeye hakusikia. Pili, kiwiko ya kushoto ilichelewa. Tatu, vigelegele vilimharakisha. Makosa matatu."

"Na yeye anasema nini?"

"Anasema manne." Mzee Guo akavua kofia yake, akajikuna kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Maskati nikamwona anacheka, anacheka na macho yamejaa maji. "Ya nne mimi sikuiona, rafiki. Basi mlingoti ni wake."